Tripodi imara haiondoi kazi ya kulinganisha picha

Wapiga picha wengi wa wadudu na maua huamini kwamba kamera ikishafungwa kwenye tripodi imara, picha zenye fokasi tofauti ziko tayari kuunganishwa kuwa picha moja iliyo kali kote, bila kulinganishwa kwanza ili zikae sawasawa moja juu ya nyingine. Imani hiyo inaeleweka: kamera haikusogea, mdudu naye katulia.

Kilichosogea ni vioo ndani ya lenzi. Kwa lenzi nyingi, fokasi ikihama, ukubwa wa kitu kwenye picha nao hubadilika kidogo. Mandhari ya mbali hayatakuonyesha hilo, lakini kwa mbawakawa aliyejaza fremu, ncha ya kipapasio inaweza kuhama pikseli nyingi. Ndiyo maana align_image_stack, programu ya bure inayokuja na Hugin (programu ya kuunga picha za panorama), ina chaguo la -m linaloiruhusu kurekebisha ukubwa wa picha, si kuzisogeza tu. Ukilisahau, Enfuse, programu inayoziunganisha picha hizo, itakutolea kingo zenye kivuli. Enfuse yenyewe, kwa kazi hii, iambie ipime utofautishaji (tofauti ya mwanga na giza) peke yake (--contrast-weight=1, --exposure-weight=0, --saturation-weight=0) na uongeze --hard-mask, ichukue sehemu kali zaidi badala ya kuchanganya wastani.

Unataka kuhakikisha? Fungua picha ya kwanza na ya mwisho kwa 100%, ukibadilisha huku na huku. Katikati patatulia, pembeni ndiko kunakocheza.

Tripodi usiitupe, lakini. Kamera ikiyumba kando, vya mbele na vya nyuma huhama kwa viwango tofauti, na hilo programu hailitibu.