Sedani zenye kasi: miaka ya kuishi na joto na uzito

Kila nikitaja sedani nilizowahi kumiliki, swali la kwanza huwa lile lile: ipi ilikimbia kuliko zote? Ni BMW M5 ya kizazi cha E60, ile ya silinda kumi, na wala haikuwa na mpinzani. Haya, hilo limekwisha. Ninachotaka kueleza ni kitu ambacho karatasi ya vipimo haikioneshi: kwa nini magari haya huumwa pale yanapoumwa. Mimi ni fundi wa injini. Nazifungua, nazipima, nazifunga tena. Sedani za aina hii nimekaa nazo miaka mingi, moja ikitoka nyingine inaingia, wakati mwingine mbili kwa pamoja, na ukifungua boneti zote zina kesi moja.

Kesi yenyewe ni hii. Sedani yenye kasi huanza maisha kama gari la familia: viti vitano, buti la mizigo, rejeta ya kiasi, breki za kiasi. Kisha inapewa injini yenye nguvu maradufu, na injini hiyo inatakiwa ikae kwenye tundu lile lile. Nafasi mbele haiongezeki. Hewa inayopita kwenye grili inaongezeka kidogo tu. Uzito ndio unaopanda. Gari la michezo lenye injini nyuma ya dereva lina matundu makubwa ya hewa ubavuni na halibebi watu wa viti vya nyuma. Sedani haina anasa hiyo. Na injini ya petroli, hata iwe nzuri vipi, hugeuza takriban theluthi moja tu ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Kinachobaki ni joto, na hakuna wa kulipokea ila bomba la moshi, maji ya rejeta na oili. Kwa hiyo mhandisi ana maswali mawili ya kujibu: joto litoke kupitia wapi, na uzito uzuiwe na nini. Kila sedani niliyoimiliki ilijibu kwa namna yake.

Nilianza na Wajapani wawili, Subaru Impreza WRX STI na Mitsubishi Lancer Evolution IX. Hawa ni watoto wa mbio za rali. Sheria za Kundi A ziliwataka watengenezaji wauze barabarani magari yanayofanana na yale ya mashindano, ndipo watu wa kawaida tukapata sedani za lita mbili zenye turbo na magurudumu manne yanayovuta. Hadi 2004 watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano ya kutotangaza zaidi ya nguvu farasi 280, kwa hiyo kwenye karatasi magari haya yalikuwa mapacha. Barabarani hayakuwa hata binamu.

Tazama tu intakula, kile kifaa kinachopoza hewa iliyobanwa na turbo kabla haijaingia kwenye injini. Subaru ameiweka juu ya injini, chini ya lile tundu maarufu la boneti. Faida yake ni mabomba mafupi: ukikanyaga, jibu linakuja haraka. Hasara yake utaiona kwenye foleni. Gari likisimama, hakuna hewa inayoingia kwenye tundu, na intakula inapikwa taratibu na injini iliyo chini yake. Foleni ikifunguka na ukakanyaga mara ya kwanza, gari ni zito, kama si lile la asubuhi. Ukitembea kidogo linachangamka. Wenye magari haya huhangaika kutafuta hitilafu kwenye kompyuta, na hitilafu haipo. Mitsubishi aliipeleka intakula mbele kabisa, nyuma ya bampa, akakubali mabomba marefu ili hewa baridi iwe ya uhakika.

Injini ya Evo IX, 4G63, ina bloku ya chuma cha kusubu, na ndiyo maana watu huiongezea nguvu kupita kiasi na bado inavumilia. Ila ina mikanda miwili: mkubwa wa taimingi, na mdogo unaozungusha mashafti ya kutuliza mtikisiko. Mdogo ukikatika, vipande vyake vinaweza kuingia kwenye mkubwa, na hapo valvu na pistoni zinakutana. Mtu akibadili mkubwa akaacha mdogo eti bado unaonekana mzima, hajabadili kitu. Mambo mengine ya Evo sitayasema sana. Difu yake ya nyuma inayogawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia ni kitu cha ajabu kwenye kona, na hakuna abiria aliyewahi kuniomba lifti mara ya pili.

Halafu ikaja M5 ya E39, kizazi kilichotangulia E60, na hapa nitakaa kidogo.

Ilitengenezwa kuanzia 1998 hadi 2003. Injini ni S62, silinda nane, sentimita za ujazo 4,941, farasi 400, gia za mkono pekee. Haina turbo. Kila silinda ina throtoli yake, yaani kilango cha kupitisha hewa, nane kwa jumla, ndiyo sababu mguu wa kulia na injini huongea moja kwa moja. Lakini nilichokipenda zaidi ni jinsi gari hili lilivyolichukulia jambo la oili. Mara nyingi dashibodi hukuonesha joto la maji tu, na maji hupata moto mapema. Oili huchelewa sana. Sindano ya maji inaweza kuwa imeshatulia katikati huku oili bado nzito na ya uvuguvugu. Kwenye E39 M5, geji ya joto la oili imo ndani ya ile ya mizunguko ya injini kwa dakika, na pembeni yake kuna taa ndogo za rangi ya chungwa zinazowaka injini ikiwa baridi, kukuonesha mwisho wa ruhusa yako. Kadiri oili inavyopata moto, zinazimika moja baada ya nyingine, na ruhusa inapanda kuelekea mizunguko 7,000. Nimewahi kumpakia mtu aliyedhani ni mapambo.

Si mapambo hata kidogo. Beringi za konrodi, ile fimbo inayounganisha pistoni na kranki (shafti kuu ya injini), haziguswi na kranki wakati injini inafanya kazi. Kati yao kuna utando wa oili mwembamba kuliko unywele, na utando huo ndio unaobeba kila mlipuko unaotoka juu ya pistoni. Oili baridi haifiki haraka kwenye nafasi nyembamba. Oili iliyopata moto kupita kiasi inakuwa laini mno na utando unapasuka. BMW walichagua oili ya 10W-60 kwa injini zao za M za miaka hiyo kwa sababu ya upande huo wa pili: joto likipanda, oili ibaki na mwili. S62 ina hila nyingine pia. Ukiingia kona kwa nguvu, oili hukimbilia upande mmoja na kukwama kwenye silinda hedi, kwa hiyo kuna valvu za umeme zinazoamua pampu ivute kutoka upande gani kulingana na kona. Hayo yote yamo ndani ya gari ambalo kwa nje jirani hawezi kulitofautisha na lile la mhasibu, asipohesabu mabomba manne ya moshi.

Usukani wake? Wa kizamani, wa boksi badala ya reki, kwa kuwa V8 haikuacha nafasi. Huo ndio ushuru wa kulazimisha injini kubwa kwenye tundu la familia.

E60 iliyofuata ilipeleka hoja hiyo hiyo mbali zaidi: V10 ya lita tano, farasi 507, mizunguko hadi 8,250. Ukiwasha unapewa farasi 400 tu. Zile 107 zilizobaki zinasubiri ubonyeze kitufe. Sauti yake ikivuka 6,000 sijaisikia kwenye sedani nyingine. Ila kadiri mizunguko inavyopanda ndivyo nguvu inayovuta konrodi inavyopanda, na haipandi kwa uwiano sawa: mizunguko ikiongezeka mara mbili, nguvu hiyo inakuwa mara nne. Ndiyo maana miongoni mwa wanaomiliki injini hii, na ile V8 ya M3 iliyotokana nayo, kubadili beringi za konrodi kabla hazijaharibika kumekuwa sevisi ya kawaida. Zangu nilizibadili kabla hazijalalamika. Beringi ukiitoa inasomeka vizuri tu: uso wa kijivu usio na mng'aro ni afya, michirizi inayozunguka ni uchafu uliopita kwenye oili, na ukiona wekundu wa shaba, ujue tabaka la juu limekwisha na injini ilikuwa njiani kunoki. Tangi la lita 70 nalo lilikuwa kichekesho. Safari ndefu na E60 ni safari ya kutoka kituo cha mafuta hadi kituo cha mafuta.

Baadaye nikahamia Lexus IS F, V8 ya lita tano, na marafiki zangu wa Ulaya wakanicheka. Waache wacheke. Injini nyingi za kizazi hicho zilianza kupulizia mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Mfumo huo unapoza chumba cha mwako na kuruhusu mbano mkubwa, ila petroli haipiti tena nyuma ya valvu za hewa, kwa hiyo masizi na mvuke wa oili hugandia hapo mpaka injini inapungukiwa pumzi. Audi RS4 ya B7, yenye injini inayozunguka kufikia 8,250, inajulikana kwa jambo hili, na kuzisafisha valvu zake ni kazi ya kufungua manifoldi, bomba linalogawa hewa kwa silinda. Lexus waliweka nozeli za aina mbili, za ndani ya silinda na za kwenye njia ya hewa, na zile za pili zinaziosha valvu gari likitembea. Hakuna anayelisimulia hilo mezani, lakini fundi analiona.

Sasa uzito. Watu huuliza farasi, mimi huuliza diski. Sedani ya kilo 1,800 ikisimama kutoka kilomita 200 kwa saa, breki zake zinapokea karibu kilojuli 2,780, joto linalotosha kuchemsha lita nane za maji. Kutoka kilomita 100 ni robo ya hapo. Jambo hili la robo ndilo madereva wengi hawalipi uzito: breki zinazoonekana imara mjini zinaweza kukosa la kusema kwenye mteremko mrefu wa kasi. Na si diski peke yake. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani. Kiwango cha DOT 4 kinadai yachemke kwa nyuzi zisizopungua 230 yakiwa mapya, lakini yakishanyonya maji kiwango kinashuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mapovu, mapovu yanabanika, na pedali inazama. Nilikuwa nayabadili kila mwaka kwenye magari yote, kilomita ziwe nyingi au chache.

Matairi pia. Sedani moja ya magurudumu manne yanayovuta niliinunua ikiwa na matairi mapya mbele na yaliyolika nyuma. Muuzaji aliona amenifanyia hisani. Tairi lililolika lina mzingo mdogo, linazunguka zaidi, na difu ya katikati inalazimika kusuluhisha tofauti hiyo kila mita ya safari, hata kwenye barabara iliyonyooka. Difu hiyo iliundwa kupumzika barabara ikinyooka. Nilipoitoa oili yake ilikuwa nyeusi na inanuka kuungua. Matairi manne sawa, au usinunue kabisa.

Magari mapya yamezidisha kesi ile ile. M5 ya sasa, iliyotoka 2024, ni haibridi ya farasi 727 na uzito wa kilo 2,435. E39 ilikuwa 1,795. Kwa mwendo ule ule, breki zinakabiliana na nishati zaidi kwa theluthi moja na ushee. Inakimbia, hilo halina ubishi. Mvuto wake kwangu ni mdogo, na sijui kama ni uzee au ni hesabu.

Kama unatafuta mojawapo ya hizi za zamani, usianze na rangi wala sauti ya bomba. Omba kumbukumbu za oili: aina gani, kila baada ya kilomita ngapi. Soma tarehe kwenye matairi yote manne. Pitisha kidole kwenye ukingo wa diski. Kagua bushi za sospensheni, kwa sababu mpira hufa kwa umri hata gari likiwa limelala gereji. Kisha isikilize injini ikiwaka ikiwa baridi kabisa, maana cheni zilizolegea na beringi zilizochoka hujisema katika sekunde chache za mwanzo, kabla oili haijafika juu. Ukikuta muuzaji ameshaiwasha ikapata moto kabla hujafika, mwambie utarudi kesho asubuhi.