Kifafa hakiambukizwi kwa kujamba, na mengine ninayosikia kaunta

Mi nauza dawa famasi moja huku Mbagala, mwaka wa tisa huu, watu wananiita dokta ila sio daktari, nimesomea dawa ngazi ya cheti basi. Lakini ukikaa kaunta miaka tisa unasikia vitu daktari hasikii, maana mtu akifika kwa daktari anajikaza anaongea kihospitali, kwangu anaongea kile anachoamini. Na kwenye magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu ndo kuna vituko.

Juzi kati hapa stendi ya Rangi Tatu kijana kadondoka katikati ya daladala mbili, kakakamaa, povu linatoka, suruali imelowa, na watu wamefanya duara kubwa safi kabisa kama wanaangalia sarakasi, hamna anayesogea. Nikataka kupita, dada muuza maji akanidaka mkono. "We dada usiende, akijamba tu na wewe unacho."

Hii ya ushuzi nimeisikia tangu niko mdogo, wengine wanasema mate, wengine mkojo, wengine eti ukikanyaga pale alipoangukia. Hamna kitu. Kifafa hakina mdudu wa kumrukia mtu, ni shoti. Ubongo unafanya kazi kwa umeme mdogo mdogo, seli zinapeana taarifa kwa utaratibu wake, sasa inatokea kundi la seli linalipuka kwa pamoja, ikiwa kwenye kona moja tu utaona mkono unacheza wenyewe, ikishika ubongo mzima ndo mtu anaanguka. Kuna na aina nyingine ya watoto, anaduwaa tu sekunde kumi macho yametoka halafu anaendelea kuandika, huyo shuleni anachapwa kila siku eti hasikilizi mwalimu, wakati sekunde zile yeye hakuwepo. Povu ni mate yake mwenyewe ambayo hajaweza kumeza, basi. Na hofu yetu hii ina gharama, nina wateja wenye makovu ya moto usoni na mikononi kwa sababu walidondokea jikoni na waliokuwepo wakaogopa kuwavuta.

Nilichofanya pale ni kidogo sana, nikakunja kanga nikamwekea chini ya kichwa, nikamlaza ubavu mate yatoke, nikaangalia saa. Konda mmoja huyo anakuja na kijiko, sijui kakitoa kwa mama ntilie gani, amtie mdomoni asimeze ulimi. Jamani ulimi haumezwi, umeshikiliwa kwa chini, anaweza kuung'ata ndio ila kijiko kitamvunja meno na wewe utapoteza kidole. Mwingine anasema anusishwe kitunguu. Dakika mbili na nusu shambulio likaisha lenyewe, kama yanavyoisha mengi. Likizidi dakika 5, au likarudi kabla hajazinduka, hapo ni bajaji na hospitali hakuna kusubiri.

Sasa kinatoka wapi? Sehemu nyingi. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, ajali ya bodaboda bila helmeti, kiharusi cha zamani, uvimbe, kingine cha ukoo, na kuna watu wengi tu hata vipimo vyote havioneshi sababu. Ila chanzo kimoja ngoja nikae nacho kidogo, kitimoto, yaani nguruwe.

Watu wanasema "mi siogopi, mi sili nguruwe." Hapo ndo tunapokosea. Ukila nyama ya nguruwe yenye vifuko vya mnyoo tegu na haijaiva, unapata tegu tumboni, anakaa utumbo huko. Wa kichwani hapatikani hivyo. Mayai ya tegu yanatoka kwenye kinyesi cha mtu aliye naye, mtu huyo hajanawa, kakata kachumbari, au choo kimefurika mvua za masika maji yameingia kwenye mboga, wewe unameza mayai, yanatoboa yanasafiri na damu hadi kwenye ubongo yanajenga vifuko. Kwa hiyo ustadhi ambaye hajawahi kunusa kitimoto maisha yake yote anaweza kupata, na mla kitimoto iliyoiva vizuri akakosa. Na msije kwangu kununua dawa ya minyoo eti mmalize wa kichwani wenyewe, mnyoo akifa ndani ya ubongo panavimba, ndo maana hospitali wanapiga picha kwanza na wanaitoa pamoja na dawa za kutuliza uvimbe.

Kuna na Mahenge, kule Morogoro. Watu wa kule walisemwa sana, eti ukoo umelaaniwa, mpaka miaka ya 1960 daktari wa kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, akafungua kliniki ya kifafa akaanza kuandika anachoona, wakiwemo watoto wanaotikisa kichwa kama wanasinzia. Leo inajulikana kwamba kifafa kingi cha kule kinaenda pamoja na usubi, ule ugonjwa wa nzi wa kando ya mito yenye maji ya kasi, na dawa ya usubi ya ivamektini inagawiwa kwa jamii. Laana gani hiyo inayotibiwa kwa vidonge?

Dawa za kifafa zipo na sio za juzi, fenobabitoni inatumika tangu 1912. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi na kuzimeza vizuri. Tatizo mtu akikaa miezi mitatu hajaanguka anaacha, anasema kapona au mchungaji kamwambia aache kuonesha imani, afu anaanguka mfululizo hazinduki. Kwa kawaida daktari anataka angalau miaka miwili bila kuanguka ndo afikirie kupunguza, tena pole pole.

Na kina dada hili mlisikie maana hakuna anayewaambia: dawa za kifafa kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni zinafanya ini liunguze homoni haraka, kwa hiyo kijiti na vidonge vya majira vinapungua nguvu. Mteja wangu mmoja alipata mimba na kijiti kiko mkononi, nyumbani wakamwambia muongo, kumbe mkweli. Valproeti, dawa nyingine ya kifafa, nayo sio ya mwanamke anayeweza kubeba mimba mpaka akae chini na daktari, inaweza kumharibu mtoto tumboni. Lakini usiiache mwenyewe ukishtuka, nenda ubadilishiwe.

Degedege. Bibi zetu wanasema ni dege lilipita juu ya mtoto, afukizwe kinyesi cha tembo, apakwe mkojo, na asipigwe sindano kabisa atakufa. Hii ya sindano nimeielewa ilivyozaliwa: mtoto anashinda siku mbili kwa mganga, anafika hospitali hoi, anachomwa, anafariki, lawama inabaki kwenye sindano. Kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 homa kali tu inaweza kuleta degedege na nyingi haziachi madhara, lakini huwezi kujua kwa macho kama ni homa tu au ni malaria kali, na malaria kali inatibiwa kwa sindano hiyo hiyo ya atesuneti mnayoikimbia. Na kutolewa maji ya mgongo hakupoozeshi mtoto, sindano inaingia chini ya pale uti unapoishia.

Haya, kiharusi. Hapa ndo nagombana na watu. Mama mmoja kaja asubuhi, shikamoo, marahaba mwanangu, nipe aspirini.

"Ya nani mama?"

"Baba yao, kapigwa na jini jana usiku akitoka msalani, mkono na mguu wa kushoto hauna kazi. Tumemkanda maji ya moto, na tumemtoboa vidole damu itoke, ilikuja kwenye WhatsApp."

Niliwaza kulia. Kiharusi kiko cha aina mbili, mshipa wa ubongo umezibwa na bonge la damu, au mshipa umepasuka damu inavuja. Kwa nje vinafanana kabisa, mkono umelegea, mdomo umeenda upande, maneno hayaeleweki. Aspirini kwenye wa kuziba inasaidia, kwenye wa kupasuka unaongeza kuvuja, na kinachotofautisha ni picha ya siti skani, sio mimi wala WhatsApp. Kutoboa vidole hakugusi chochote kilichoko kichwani. Na kuna dawa ya kuyeyusha bonge, ila mwisho wake masaa manne na nusu tangu dalili zianze, wakati ubongo uliozibwa unapoteza kama seli milioni 1.9 kila dakika. Baba yao alikuwa na masaa kumi tayari. Mguu wa kushoto kwa sababu shida iko upande wa kulia wa ubongo, nyaya zinapishana, jini hana habari.

Jini lenyewe mara nyingi linaitwa presha. Utafiti uliofanyika Dar na wilaya ya Hai, Kilimanjaro, mwaka 2003 hadi 2006 ulikuta kwetu Dar viharusi vipya zaidi ya 300 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka baada ya kusawazisha umri, Hai mia na kidogo, na presha isiyodhibitiwa ikawa miongoni mwa sababu kubwa. Watu wananijibu "mi sina presha, kichwa hakiumi." Presha haiumi! Napima mtu kaunta inasoma 190 chini 110 na anacheka. Afu anasema akianza dawa hataacha. Ndio, hutaacha, chumvi umeacha? Na ile ya mkono kufa ganzi nusu saa ukarudi ukaendelea na bao lako, hujapona, hiyo ni onyo na siku chache zinazofuata ndo za hatari, nenda siku hiyo hiyo.

Mdomo kupinda peke yake sio lazima kiharusi. Mwambie ainue nyusi. Kama paji lote la upande ule halisogei na jicho halifumbi, mara nyingi ni mshipa wa fahamu wa uso umevimba kwenye kitundu chake cha mfupa nyuma ya sikio. Feni haijakupinda wala hujazabwa kofi na mtu usiyemuona. Ndani ya siku tatu daktari akikuanzishia predinisoloni unapona vizuri zaidi, jicho ulilinde, na wengi uso unarudi. Ila kama paji linasogea na mdomo ndo umeanguka, kimbia, na ukishindwa kutofautisha kimbia pia.

Kichwa cha kila siku nitapita haraka: ukimeza panadol siku 15 na zaidi kila mwezi, dawa yenyewe inakuwa ndo inaleta kichwa. Sio malaria sugu. Na kipandauso kina dawa zake.

Mwisho kutetemeka. Mzee mmoja fundi seremala, mkono wa kulia unatetemeka akiwa ametulia, akishika randa unatulia, wanawe wanasema karogwa na mdogo wake sababu ya kiwanja. Akanieleza kitu kingine kama utani, benki wamekataa sahihi yake, imekuwa ndogo. Nikashtuka, maana Parkinson inafanya hivyo, mwandiko unasinyaa. James Parkinson aliuandika ugonjwa huu 1817, seli zinazotengeneza dopamini zinakufa taratibu, na dawa ni levodopa. Hiyo levodopa imo hata kwenye mbegu za upupu, upupu huu huu unaowasha, ila mbegu moja ina nyingi nyingine kidogo kwa hiyo msianze kutwanga. Nikamtuma kwa daktari wa mishipa ya fahamu Muhimbili, akaanzishiwa, nikamkumbusha ameze nusu saa kabla ya kula maana maharage na nyama vinagombania njia na dawa. Alivyorudi kuchukua ya mwezi wa pili akaomba kalamu, akasaini kwenye boksi la glavu. Akaniangalia. "Bado ndogo, ila inasomeka."