Kwa nini kuongeza namba ya buti hakumsaidii mwenye mguu mpana?

Mwenye mguu mpana akienda kununua buti la kuwindia, ushauri anaopewa huwa ni ule ule: "Chukua namba ya mbele." Anavaa 43, linambana ubavuni mwa vidole. Anapewa 44, bado. Anapewa 45, kidole cha mwisho sasa kinapumua, basi analipa na kuondoka. Pale dukani, kwenye sakafu ya vigae, buti halina neno. Shida inaanza akiwa porini, anafuata nyayo za mbogo kwenye mteremko wa mawe: kisigino kinapanda na kushuka ndani ya buti, lengelenge limeshavimba, na kucha ya dole gumba inagonga mbele kila hatua. Namba ameongeza mbili, na maumivu yamehama tu kutoka ubavuni kwenda nyuma na mbele. Je, wajua kwa nini?

Sababu iko kwenye kalibu. Kiatu cha kiwandani hufinyangwa juu ya kalibu, yaani umbo la mguu lililochongwa kwa mbao au, siku hizi, plastiki. Ngozi huvutwa juu yake, soli ikafungwa chini, kisha kalibu hutolewa. Kila namba ina kalibu yake, na zinapopanda, urefu hukua kwa kasi kuliko upana. Namba za Ulaya, hizi za 42 na 43 tulizozizoea, hupanda kwa theluthi mbili za sentimita, yaani milimita 6.67. Za Uingereza na Marekani hupanda kwa theluthi moja ya inchi, karibu milimita 8.5. Upana wa soli, pale penye mafundo ya vidole, huongezeka kwa milimita mbili hivi au pungufu.

Piga hesabu. Mtu ambaye buti limempungukia nusu sentimita ya upana atalazimika kupanda kama namba tatu za Ulaya ili aipate. Akifika huko ameshabeba sentimita mbili za urefu asizozihitaji.

Na urefu huo wa ziada una gharama. Mguu hupinda mahali pamoja tu unapotembea: kwenye mafundo ambapo vidole vinaungana na unyayo. Buti nalo limewekewa mahali pa kupindia, na mahali hapo hupangwa kwa kufuata namba yake. Buti likiwa refu kuliko mguu, mkunjo wake husogea mbele ya fundo. Mguu unataka kupinda hapa, soli nene inataka kupinda pale mbele, na mwenye kuumia ni kisigino, kwa kuwa soli ikikataa kupinda kisigino hung'oka kutoka kwenye kiti chake kila hatua. Hapo ndipo lengelenge linapozaliwa. Wengi hudhani ni ngozi imesuguliwa kwa juu, lakini kinachotokea ni kwamba ngozi ya juu hunata kwenye soksi huku mfupa ulio chini yake ukiendelea kusogea, tabaka za katikati zikaachana, maji yakajaa.

Kwenye kiatu cha ofisini utavumilia. Buti la kuwindia ni zito, na uzito wa mguuni ni mchungu kuliko wa mgongoni: utafiti uliofanywa kwa ajili ya jeshi la Marekani na kutolewa mwaka 1969 ulionyesha kwamba kilo moja iliyofungwa mguuni humchosha mtu kama kilo nne hadi sita zilizobebwa kiwiliwili. Buti la namba tatu za ziada lina soli kubwa zaidi na ngozi nyingi zaidi. Unalipa mara mbili.

Upana, kwa hiyo, unahitaji kipimo chake peke yake. Katikati ya miaka ya 1920 Charles Brannock wa Syracuse, New York, ambaye baba yake alikuwa na duka la viatu, alibuni kile kibao cha chuma chenye vitelezi ambacho maduka ya Marekani bado yanakitumia. Kinapima vitu vitatu: urefu wote, upana, na umbali kutoka kisigino hadi fundo la dole gumba. Hicho cha tatu hakitajwi mara nyingi, na kwa maoni yangu ndicho chenye thamani kubwa kuliko vyote, maana ndicho kinachoeleza mguu wako unapinda wapi. Wawili wenye mguu wa urefu mmoja, mmoja akiwa na vidole virefu na mwingine vifupi, hawafai kuvaa buti moja.

Upana huandikwa kwa herufi. Kwa wanaume wa Marekani, D ndiyo ya kawaida, EE (huandikwa pia 2E) ni pana, na 4E ni pana sana. Herufi hizo hazina sentimita moja iliyowekwa. Upana hupimwa ukilinganishwa na urefu, hivyo EE ya namba 8 ni nyembamba kuliko EE ya namba 13. Uingereza nao wana mpangilio wao, kwa hiyo E ya London usiisome kama E ya Chicago. Anayeagiza buti mtandaoni na alichunguze jedwali la kiwanda husika kwanza.

Tena mguu mkubwa na mguu mpana ni mambo mawili. Robert Wadlow wa Illinois, mtu mrefu kuliko wote waliowahi kupimwa kwa uhakika, alikuwa na urefu wa mita 2.72 na alivaa namba 37AA ya Kimarekani, kiatu cha karibu nusu mita. Hiyo AA ni herufi ya mguu mwembamba! Kampuni ya viatu ilimpa viatu bure naye akaitangaza. Alifariki Julai 1940 akiwa na miaka 22, kwa maambukizi yaliyoanzia kwenye lengelenge lililosababishwa na chuma cha kumwegemeza kifundo cha mguu. Lengelenge si jambo la kudharau, hasa ukiwa mbali na zahanati.

Sasa kwa nini maduka hayaweki mabuti mapana? Ni hesabu ya biashara. Kiwanda kinachotengeneza namba 8 hadi 14 za Kimarekani pamoja na nusu zake kina jumla ya namba kumi na tatu. Kikiweka upana wa aina nne, kinahitaji seti 52 za kalibu, na muuza duka anatakiwa kujaza rafu kwa jozi ambazo nyingi zitakaa mwaka mzima bila mnunuzi. Mabuti ambayo soli yake humiminwa moja kwa moja kwenye ngozi ni mabaya zaidi upande huu, kwani kila upana unadai kinu chake cha chuma, yaani chombo cha kumiminia soli, na vinu hivyo ni ghali. Ya kushonwa hayana kizuizi hicho: soli hukatwa kufuata kalibu. Ndiyo maana ukitafuta 4E utaikuta zaidi kwa watengenezaji wa mabuti ya kushona, na ukiniuliza mimi, mwenye mguu mpana aanzie huko hata kama bei inauma. Soli ikiisha hubadilishwa, buti likaendelea.

Kwetu huku jambo hili lina sura nyingine. Kalibu nyingi zilichongwa kwa kufuata miguu iliyokulia ndani ya viatu. Mwaka 1905 daktari Mmarekani, Phil Hoffmann, alichapisha ulinganisho wa miguu ya watu waliokua pekupeku, wakiwemo Waafrika na Wafilipino, na ya wavaa viatu. Ya pekupeku ilikuwa imetanuka kwa mbele, vidole vimenyooka na kuachana. Ya wavaa viatu ilikuwa imebanwa ikafuata umbo la kiatu. Mzee wa kijijini aliyetembea na katambuga maisha yake yote (Kenya wanaziita akala) hana ukuta wa pembeni wa kumbana, mguu umekaa ulivyotaka. Mpe buti la doria lenye mdomo uliochongoka, atalivua kabla ya saa sita mchana.

Mguu pia hubadilika ukubwani. Umri na uzito huutanua, ujauzito vilevile, na kwa siku moja tu huvimba kwa joto na kusimama. Ndiyo sababu buti hununuliwa jioni.

Wengine hukimbilia kwa fundi viatu. Mazungumzo yenyewe hayabadiliki:

"Fundi, linanibana hapa ubavuni."

"Hapa kwenye ngozi nitakuvutia, kaka. Ila chini kwenye soli sina la kufanya."

Na anasema kweli. Ataloanisha ngozi, ataingiza kalibu ya kutanulia yenye skrubu, ataiacha usiku kucha, na ngozi itapata nafasi kidogo, hasa pale penye nundu moja inayouma. Upana wa soli hausogei. Ukiwa umepungukiwa milimita chache, fundi anatosha; zaidi ya hapo, mguu utabaki unamwagika nje ya soli. Ngozi laini, kama za mabuti ya Courteney yanayotengenezwa Bulawayo, Zimbabwe (yana jina la Frederick Courteney Selous, mwindaji Mwingereza aliyeuawa Beho Beho, Rufiji, Januari 1917), huvutika. Mpira ukivutwa hurudi ulivyokuwa, na buti lenye bitana ya kuzuia maji usilipeleke kuvutwa kwa nguvu, utando ukichanika maji yanaingia. Kwa pori kavu la Julai na Agosti, bitana hiyo hata haina kazi zaidi ya kutunza jasho.

Ukiwa dukani, toa soli ya ndani, iweke sakafuni, simama juu yake ukiwa umevaa soksi utakazovalia porini. Nyama ya mguu ikining'inia nje ya ukingo, rudisha buti hilo, hata kama ukilivaa linaingia. Halafu livae bila kufunga kamba, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse; nyuma ya kisigino kipite kidole kimoja, si viwili. Funga kamba, tafuta ngazi au ubao ulioinama, shuka nao. Kucha isiguse mbele.

Kwa aliyekwisha kununua, kamba husaidia kiasi. Pale panapobana juu ya unyayo, ruka tundu moja kila upande, kamba ipite wima badala ya kukatiza, kisha piga fundo maradufu kwenye kifundo ili kisigino kisinyanyuke. Na jozi mpya ivae ndani ya nyumba, juu ya zulia, jioni kadhaa kabla ya kuipeleka porini: soli ikiwa bado safi, duka lenye utaratibu wa kubadilisha litakupokea.