Je, wajua kwa nini klipu iliyosambaa sana hupingwa kirahisi mahakamani?

Kiwanda kimefungulia mfereji usiku, maji meusi yanaingia mtoni, kijana wa mtaani kaona na kurekodi. Kufikia asubuhi klipu iko kwenye kila grupu. Kesi ikifika mahakamani, ndiyo hiyo hiyo wakili wa kiwanda anayoanza nayo.

Soma jina la faili: VID-20240312-WA0004. Hizo herufi WA zinaonyesha limepitia WhatsApp, na tarehe ile si lazima iwe ya siku ya kurekodi. Video ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa, na metadata zake hupotea: saa, mahali, aina ya simu. Wakili hana haja ya kuthibitisha kwamba ni feki. Anauliza tu: lini, wapi, nani?

Nchini Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoeleza rekodi ilivyopatikana na kwa kifaa gani, kikiwa na sahihi. Simu ikishauzwa au kufomatiwa, cheti hicho kinakuwa kibarua kigumu. Ndiyo maana faili halisi hunakiliwa siku ile ile, kwa waya, kwenye flashi mbili zinazokaa nyumba tofauti. Kwa programu, kokotoa heshi ya SHA-256, yaani alama ya kidole ya faili yenye herufi na tarakimu 64, uiandike daftarini pamoja na IMEI, namba ya utambulisho ya simu (bonyeza *#06#). Faili likiguswa hata kidogo, heshi hubadilika. Ukilazimika kutumia WhatsApp, tuma kama dokumenti. Filamu ya kuonyesha barazani, yenye muziki na maandishi, itengenezwe kutoka kwenye nakala.

Kwenye kurekodi, kosa kubwa ni kukimbilia kuzumu, yaani kuvuta picha karibu. Povu lililojaa kioo kizima linaweza kuwa la mto wowote. Anza mbali, mfereji uonekane pamoja na kitu kisichohama, kama nguzo ya umeme au mnara wa msikiti. Tulia sekunde 10, kisha usogee kwa miguu bila kukata, huku ukitaja tarehe, saa na mahali. Upepo wa pwani hula sauti, basi upe mgongo.

Kuna sumu ambayo kamera haiioni kabisa. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia watu madini ya risasi (lead) mwilini, na madhara yake yalijulikana kwa vipimo vya damu na udongo. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, kisha rufaa zikafuata. Kwa sumu ya aina hiyo, kazi ya kamera ni kulinda sampuli: chupa tupu, maji yakichotwa, kifuniko, lebo yenye saa na sahihi, vyote katika rekodi moja isiyokatwa. Ikikatwa kabla ya lebo kubandikwa, choteni upya.