"Si Walete Ushahidi?" na Dhana Nyingine Zinazowaponza Watu Kwenye Ukaguzi wa TRA

Wiki iliyopita nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa mzee wa duka la vifaa vya ujenzi. Aliitua barua ya ukaguzi ya TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, mezani kwangu kama mtu aliyebebeshwa mzigo usio wake, akasema: "Kama wanadai nimeficha mauzo, si walete ushahidi?" Sidhani kama mwezi unapita bila mteja kuniambia maneno hayo hayo, tena kwa kujiamini. Basi leo nayajibu kwa kirefu. Mengine nitayapitia juu juu.

Mzee wangu, hiyo ni kanuni ya kesi za jinai, ambako Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ndiyo inayobeba mzigo wa kuthibitisha. Kwenye kodi mzigo ni wako. Sheria ya Rufaa za Kodi, Sura ya 408, inamtaka mlipakodi anayekata rufaa athibitishe kwamba kodi aliyotozwa imezidi au imekosewa. Mkaguzi hana haja ya kukufumania ukiuza bila risiti. Akipata namba mbili zisizofanana, nawe ukakosa la kueleza, kazi yake imekwisha.

Namba hizo anazitoa kwako mwenyewe. Anachukua mauzo ya mashine ya EFD (ile inayotoa risiti za kielektroniki), anayaweka sambamba na ritani zako, yaani taarifa za kodi unazowasilisha mwenyewe: zile za VAT (kodi ya ongezeko la thamani) za kila mwezi, halafu ya mwaka, kisha anataka taarifa za benki na za lipa namba, yaani malipo ya simu. (Ukimnyima, Kamishna Mkuu wa TRA ana mamlaka ya kisheria ya kuzidai benki.) Hapo kwenye benki ndipo ninapowahurumia watu na kuwakasirikia kwa pamoja. Akaunti ya duka imepokea michango ya harusi ya mpwa, hela za kikoba kwa kuwa mama ndiye mweka hazina, mkopo wa shemeji, na malipo ya kiwanja kilichouzwa Chanika. Mwenye duka anajua kila shilingi ilikotoka, ila anajua kichwani. Miaka mitatu ikipita, mkaguzi atataka karatasi.

Fanya hesabu uone. Tuseme kampuni yako iliyosajiliwa VAT ina milioni 59 zilizoingia benki bila maelezo. Zikichukuliwa kuwa mauzo yenye VAT ya asilimia 18 ndani yake, VAT peke yake ni milioni 9. Milioni 50 zinazobaki zinaongezwa kwenye faida na kutozwa kodi ya mapato ya asilimia 30, yaani milioni 15 nyingine. Jumla milioni 24, kabla ya riba na adhabu, kwa fedha ambazo huenda nusu yake zilikuwa za ukumbi na pilau.

Ndiyo maana kila mteja mpya namwambia jambo moja hadi ananichoka: fungua akaunti ya biashara tu, na fedha isiyo ya mauzo isikanyage humo. Ikilazimika kupita, iandikwe siku hiyo hiyo kwenye daftari: ya nani, ya nini, na karatasi gani inaithibitisha. Mkopo wa ndugu uwe na mkataba, hata wa ukurasa mmoja, na fedha ipitie benki badala ya kuletwa kwenye bahasha. Na usisubiri barua ya ukaguzi ndipo uanze kutengeneza mikataba. Nimewahi kuletewa mkataba "wa 2019" wenye muhuri wa wakili aliyeapishwa 2022. Niliurudisha, nikamwomba mwenyewe asimwonyeshe mtu mwingine yeyote.

Dada yake dhana hii ni ile ya "risiti zote ninazo, zipo kwenye boksi." Lifungue boksi lenyewe. Karatasi ya EFD huchapwa kwa joto, na kwa joto la stoo zetu za Kariakoo baada ya mwaka mmoja unabaki na vipande vyeupe. Sheria inakutaka utunze kumbukumbu miaka 5. Toa kopi au piga picha kila mwisho wa mwezi, na panga kwa mwezi na kwa muuzaji. Gharama isiyo na risiti halali inakataliwa hata kama kila mtu mle chumbani anaamini uliilipa.

"Nina klirensi, kwa hiyo nimeshasafishwa." Hapana. Klirensi, ile hati ya TRA ya uthibitisho wa kodi, inakusaidia kupata leseni. Haina maana kwamba kuna mtu aliyekagua vitabu vyako.

"Tumepata hasara, watakagua nini?" Hasara ya mwaka wa nne mfululizo huku mwenye kampuni anaongeza ghorofa ndiyo inayowaita.

"Kuna mtu kanichongea." Inawezekana, majirani wapo. Lakini mara nyingi umejichongea mwenyewe: mteja wako amedai apunguziwe VAT aliyokulipa kwenye manunuzi, kwa ankara ambayo wewe hukuitangaza kama mauzo.

"Mhasibu wangu atamalizana nao." Mhasibu anaweza kueleza namba. Kwa nini bei ilishuka Machi, au ule mzigo uliolowa maji bandarini ulikwendaje, hayo unayajua wewe. Kaa kwenye kikao, jibu ulichoulizwa, na usihadithie yasiyoulizwa.

Imebaki hii: "Wakishakadiria, hakuna pa kwenda." Papo. Una siku 30 tangu ulipoipokea barua ya makadirio kuweka pingamizi kwa Kamishna Mkuu, ukilipa theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi usichobishania, kile kilicho kikubwa. Huna uwezo huo? Unaweza kuomba upunguziwe au usamehewe amana hiyo, kwa maandishi na kwa sababu. Usiporidhika na majibu, kuna Bodi ya Rufaa za Kodi, kisha Baraza la Rufaa, kisha Mahakama ya Rufani. Ila andika tarehe ya kupokea juu ya barua siku ile ile. Ya yule mzee haikuwa na tarehe. Tulipompigia kijana wake wa dukani, alisema aliipokea wiki tano zilizopita na kuiweka chini ya kikokotoo isipeperuke.