Bia ya matunda ya nyumbani: yanayosemwa na yanayotokea ndani ya ndoo

“Embe litaifanya bia iwe tamu.” Litaifanya iwe kavu. Sukari ya tunda ni laini, na hamira huimaliza upesi. Ukitia embe kwenye bia ambayo hamira yake bado hai, baada ya siku chache utamu umeliwa, na kinachobaki ni harufu na ule ukali wa tunda. Kriek, bia ya cheri ya Ubelgiji, ile ya jadi, hukunja uso wa anayeionja mara ya kwanza. Anayetaka utamu atumie laktosi, sukari ya maziwa, ambayo hamira ya kawaida ya bia haiwezi kuila (asisahau tu kumwambia mgeni ambaye tumbo lake halipatani na maziwa).

“Matunda huongeza kilevi.” Hapa watu hubisha sana, kwa hiyo tupige hesabu. Una lita 20 za bia yenye kilevi cha asilimia 5. Unatia kilo 3 za rasiberi. Sukari yake ni kama asilimia 5 tu, yaani gramu 150, ambazo hamira itazigeuza kuwa gramu 75 hivi za kilevi. Lakini umeingiza pia lita 2.5 hivi za maji yaliyokuwa ndani ya tunda! Bia yako imeshuka hadi karibu asilimia 4.8. Embe, lenye sukari kama asilimia 14, litaipandisha, ila kwa nusu asilimia hivi. Ukitaka bia kali, ongeza kimea.

“Yachemshe pamoja na kimea, vijidudu vife.” Vitakufa kweli, na harufu uliyoinunua itatoka na mvuke ijaze jikoni. Isitoshe, moto mkali huamsha pektini, ile inayogandisha jemu, na bia hubaki na ukungu. Mimi huyagandisha matunda kwenye friza, nikayayeyusha, nikayaponda, kisha nikayapasha moto wa nyuzi 70 kwa dakika 10. Yakipoa ndipo huyatia, baada ya povu la kwanza kutulia. Kugandisha peke yake hakuui vijidudu. Kazi yake ni kupasua nyama ya tunda ili maji yatoke.

Nanasi lisipopashwa moto lina balaa lake. Lina kimeng'enya cha bromelini, ambacho hukata protini, na protini ndizo zinazoshikilia povu. Utamimina glasi nzuri, na kabla hujakaa povu limeshatoweka.

“Mapovu yakiacha kutoka, jaza chupa.” Niliamini hivyo kwenye bia yangu ya pasheni. Usiku wa tatu nikasikia mlio kabatini, asubuhi nikakuta vigae vya chupa vimejichomeka kwenye mbao za mlango. Bia ilikuwa bado inakula sukari ya tunda, nami nikaiongezea nyingine ya kuipa gesi. Siku hizi napima kwa haidromita, kifaa kinachoelea na kuonyesha sukari iliyobaki, mara mbili, kwa kupishana siku tatu. Namba isipobadilika, naweka gramu 6 za sukari kwa lita na kufunga. Ikibadilika hata kidogo, nasubiri.

“Pektini huleta methanoli, utapofuka.” Methanoli ni kilevi chenye sumu, na pektini huileta kidogo tu, kama ilivyo kwenye divai na hata juisi. Sumu inayopofusha watu hutokana zaidi na pombe kali iliyochanganywa na spiriti ya viwandani. Bia haikenekwi, yaani haigeuzwi mvuke ili kukusanya kilevi chake.

“Juisi yoyote ya pakiti inafaa.” Soma kwanza maandishi madogo. Ukiona sorbati au benzoati, irudishe rafuni: vimewekwa humo kuzuia hamira isizaliane.

Na wale wanaosema bia yenye tunda si bia, wakitaja sheria ya Bavaria ya 1516 iliyoruhusu maji, shayiri na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) peke yake: sheria hiyo haikutaja hata hamira.