Kodi ya Kichwa ya 1381 na Uasi wa Wakulima wa Uingereza

Kodi ya kichwa, jina ambalo wazee wengi wa Afrika Mashariki wanalifahamu, ilitozwa Uingereza mara tatu ndani ya miaka minne ili kugharimia vita na Ufaransa. Mwaka 1377 kila aliyezidi miaka 14 alilipa peni 4, isipokuwa ombaomba. Mwaka 1379 viwango vilifuata hadhi: mtu wa kawaida peni 4, wakuu kabisa zaidi ya pauni 6. Kisha Bunge la Northampton, Novemba 1380, likarudia kiwango kimoja, safari hii peni 12 kwa kila aliyezidi miaka 15.

Peni 12 zilikuwa mzigo wa namna gani? Sheria ya vibarua ya 1351, iliyotungwa kuzuia ujira usipande baada ya tauni kuua watu wengi, ilimwekea mwanika majani ya mifugo peni 1 kwa siku. Wengi walilipwa zaidi kwa kuikiuka, lakini baba, mama na binti mmoja mkubwa walidaiwa peni 36 ndani ya mwaka mmoja.

Bunge liliweka kinga: matajiri wawasaidie maskini, mume na mke wasilipe chini ya peni 4 wala zaidi ya peni 240, yaani pauni 1. Kinga hiyo ndiyo iliyoleta dhuluma. Deni la kijiji lilikuwa idadi ya watu mara 12, na msaada ulitoka ndani ya kijiji hichohicho. Penye kabaila, maskini walipunguziwa. Kijiji cha maskini watupu hakikuwa na wa kukisaidia, kila mtu akatoa peni 12 zake kamili.

Watu wakafichwa wasiingie kwenye orodha. Walioandika majina walikuwa wakubwa wa vijiji wenyewe, majirani wa walipaji. Mwaka 1377 walihesabiwa walipaji wapatao 1,355,000. Mwaka 1381 wakabaki 896,000 hivi. Watu zaidi ya 450,000 hawakufa ndani ya miaka minne. Wengi walioachwa ni wanawake wasioolewa, akina mama wajane na vijana waliokaa kwa wazazi.

Machi 1381 serikali ikatuma wakaguzi wa kuwasaka waliofichwa. Hapo, kwa maoni yetu, ndipo ilipokosea vibaya: watu waliokuwa wakikwepa kila mmoja kivyake sasa wakawa na adui mmoja. Tarehe 30 Mei, huko Brentwood, Essex, watu wa kijiji cha Fobbing walimwambia John Bampton, ofisa wa mfalme, kwamba wamekwisha kulipa na stakabadhi wanayo. Alipoamuru wakamatwe, walimfukuza yeye na askari wake. Jaji Robert Belknap, aliyefuata kusikiliza mashtaka dhidi yao, aliapishwa kwa nguvu asikae tena kikao kama hicho.

Waasi wa Kent, wakiongozwa na Wat Tyler, na wenzao wa Essex waliingia London tarehe 13 Juni. Mahali pengi walipopita walichoma daftari za mabaraza ya makabaila, maana humo ndimo ilimoandikwa nani ni mkulima aliyefungwa kwenye ardhi ya bwana na anadaiwa siku ngapi za kazi ya bure. Kesho yake, huko Mile End nje ya kuta za London, walimtaka Mfalme Richard II, kijana wa miaka 14, afute utwana na kodi ya kupanga ardhi iwe peni 4 kwa ekari. Alikubali, na makarani wakaanza kuandika hati. Siku hiyohiyo Askofu Mkuu Simon Sudbury, aliyekuwa Kansela (waziri mkubwa wa mfalme), na mweka hazina Robert Hales walikatwa vichwa. Tarehe 15 Tyler aliuawa Smithfield, na tarehe 2 Julai mfalme akazibatilisha hati zote.

Orodha za kodi zilizosalia zimehifadhiwa kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Kew, London, katika fungu la kumbukumbu E 179. Anayezisoma aweke orodha ya 1377 na ya 1381 za kijiji kimoja sambamba, kisha ahesabu wanawake. Wanaume wakizidi mno upande wa 1381, kuna mabinti na wajane walioachwa makusudi.